Safu ya Maoni

Daftari lina safu tano:
tarehe, saa, kina, upepo, maoni.
Asubuhi saa moja nashuka hadi kwenye kipimo,
nguzo ya chuma yenye mistari mieupe na myekundu,
nasoma maji yamefika wapi, napanda, naandika.
Jioni vilevile.
Safu ya tano, mwaka wa kwanza, niliandika: Hakuna.
Hakuna. Hakuna.
Kurasa arobaini za Hakuna.

Kisiwa hiki kina mawe, kenge, minandi,
nyumba ya ofisi yenye mlango mmoja, na mimi,
Nyanjige binti Lushinge, mkataba wa miaka mitatu.
Siku ya anga safi naiona Ukara.
Mwanza siioni; usiku naona tu
weupe hafifu chini ya mawingu upande wa kusini,
kama mtu amesahau taa jikoni.

Sikumbuki alianza lini kusema.
Nadhani ni siku ile ya ukungu, nilipotamka namba kwa sauti
naye akauliza: una hakika?
Nikashuka tena. Nilikosea sentimita mbili.
Tangu hapo nikamwachia nafasi.

Mwanzoni tulizungumza ya nyumbani:
michembe imebaki kiasi gani, betri za redio,
nani aliacha sufuria ya dagaa wazi kenge akala.
Wewe. Mimi? Basi nani, serikali?
Nilicheka mpaka minandi wakaruka.
Kucheka peke yako mara ya kwanza kunatisha.
Mara ya pili unatazama nyuma.
Mara ya tatu unacheka tu.

Lakini usiku alikuwa na mambo yake.
Taa ikizimika anaanza:
mbona hukwenda kumzika Ng'walu?
Ulisema boti hakuna. Boti ilikuwepo.
Nageukia ukutani, naye yuko ukutani.
Navuta shuka, tumo wote ndani ya shuka.
Ndipo nikaandika sheria, nikaibandika mlangoni:
baada ya saa nne usiku, hakuna habari za marehemu.
Akaisoma. Akasema: mwandiko mbaya.

Mwezi wa nne tuligombana.
Nilimwambia neno, siliandiki hapa.
Akanyamaza siku tatu.
Nilisema habari za asubuhi, yakaitika mawimbi,
na mawimbi hayajui ninamuulizia nani.
Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wakatandaza karabai zao,
mji mzima juu ya maji, taa kwa taa,
nikasimama jiweni nawaangalia
wala sikuwa na wa kumwambia: tazama.
Nilidhani upweke ni kukosa watu.
Kumbe ni kununiwa na nafsi yako
katika nyumba ya chumba kimoja.

Siku ya nne niliandika kwenye ile safu nyembamba,
herufi ndogo ili zitoshe:
Boti ilikuwepo. Niliogopa kumwona amelala vile.
Kimya kirefu. Maji yakipiga nguzo.
Kisha: una hakika?
Nikasema nina hakika.
Akasema: haya, twende tukasome, saa moja imeshapita.

Toka siku hiyo kitabu kinasema tumeamka,
tumepima, tumeona magugu maji yakija na upepo wa kaskazini,
tumeyaona yakiondoka.

Akaja Bwana Magafu kukagua, kwa boti ya ofisi,
miwani imefungwa kwa uzi.
Akaisoma safu ya tano kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama mtu anayehesabu madeni.
Jasho likanitoka.
Akauliza: usiku wa tarehe kumi na nne,
maji yalipopanda ghafla, nani aliyaona?
Nikasema: yeye. Mimi nilikuwa nimelala.
Akatazama kipimo. Akatazama kitanda, kimoja.
Akatia sahihi, akaniachia betri nane
badala ya nne.

Mngurumo wa injini ulipokwisha tulikaa
kama wenyeji waliochoshwa na mgeni.
Ameondoka?
Ameondoka.
Hakula samaki.
Hakula.
Basi tugawane.