Mapigo Sitini

Simu ilitoka Nordeste, barabara ya juu,
nyumba ya rangi mbichi katikati ya nyumba za mawe:
"Fundi, umeme wenu umeniulia tosta."
Wenu, alisema. Nikajua, huyu karudi.

Deolinda Arruda, miaka thelathini na mmoja
akishona mapazia ya watu kule Fall River,
sasa yuko kisiwani na mapipa manne,
na kila kilichomo kina mkia wa meno mawili bapa,
na kila tundu la ukuta wetu ni duara.

Alikuwa kanunua adapta pale bandarini,
bei yake kikombe cha kahawa.
Lakini adapta ni mkalimani wa mlangoni:
humkaribisha mgeni, humwonyesha kiti,
hamwambii kinachochemka jikoni.
Tosta iliyolelewa kwa volti mia na ishirini
ikanyweshwa mia mbili na thelathini kwa mkupuo mmoja.
Mkate ulikuwa kaa kabla hajafunga friji.
"Ilinuka," alisema, "kama nywele za mwanasesere."

Sikucheka.
Nilicheka baadaye, garini.

Nikampandishia transfoma, kilo kumi na mbili,
jiwe la waya lingurumalo kama paka aliyeshiba.
Kikausha nywele nilikikataa,
kinakula kuliko jiwe linavyoweza kulisha.
Mashine ya kahawa, sawa. Taa ya kitandani, sawa.
Cherehani ikakohoa, ikashona.
Mwisho akafungua taulo, akatoa saa ya jikoni,
ya umeme, jogoo kachorwa usoni,
Hermínio aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwandani.
"Yeye hakurudi," alisema. "Saa imerudi."
Tukaitundika saa sita kamili za mchana,
kengele ya kanisa ikiwa shahidi.

Kesho yake, adhuhuri ile ile:
"Fundi, njoo. Jogoo ananiibia."
Nikamkuta jogoo kaelekeza mkono saa mbili,
bila haya, huku kengele inapiga sita.

Nikamweleza, kofia mkononi:
volti naziteremsha, hiyo ndiyo kazi yangu,
ila umeme una mapigo, bibi,
kule ni sitini kwa sekunde, kwetu hamsini,
na saa hii haina akili yake, inahesabu mapigo tu.
Saa yetu nzima, kwake ni dakika hamsini.
Jiwe la kutibu hilo siuzi.
Nunua ya betri. Yuro tisa.

Hakunijibu. Alikuwa anahesabu kwa vidole,
vidole vyenye vijikovu vya sindano.
"Saa mbili," akasema. "Saa mbili asubuhi.
Lucília wangu sasa hivi anatafuta kiatu cha mtoto,
na basi la shule linapiga honi kona ya chini."
Akachukua simu. Na kweli
ikapokelewa na mtu mwenye mswaki mdomoni.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti, hapo hapo.
Saa nne zinapotea kwa siku,
na saa nne ndiyo bahari yote iliyo kati yao.
Basi siku ya kwanza, adhuhuri, jogoo yuko Fall River.
Siku ya tatu amerudi kwetu, hakuna aliyemgusa,
anakwenda sare na kengele.
"Na ya pili?" akauliza.
Ya pili anaonyesha saa kumi. Ya wapi, sijui.
Hakuna mtu wetu huko.

Akamimina kahawa, akakaa.
"Yupo," alisema.

Ya betri nilimpelekea hata hivyo, bila malipo.
Ameitundika bafuni.
Asema humo tu ndimo anamohitaji
kujua kwa hakika yuko nchi gani.