Pacha A, Pacha B

Kabati la kumi na tisa halina cha kutazamwa.
Barafu, namba, harufu ya karatasi kuukuu.
Nimelifungua kwa miaka ishirini na sita
na mkono bado hufa ganzi, hata ndani ya glavu.

Humo wamelala watoto wa Denmark,
kila mmoja kwa matone manne
yaliyodungwa kisiginoni siku ya tano,
wengine hawajapewa hata jina.
Kadi husema tu: mvulana wa Skovgaard,
msichana wa Bruun.
Nilitumwa kutafuta Hjortshøj, pacha A na pacha B.

Pacha A sasa anaitwa Ragnhild. Ana miaka minne,
yuko wodini, ng'ambo ya maegesho ya baiskeli,
na chembe nyeupe zimemjaa damuni
kama wageni wasiojulikana wamealikwa na nani:
wanakula, hawafanyi kazi, hawaagi.
Pacha B anaitwa Tyra. Yuko nyumbani, anakula uji wa shayiri,
anauliza kwa nini kitanda cha pili kimetandikwa mchana na usiku.

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajaiona ikiwa imekauka.
Nilikata kiduara, upana wa punje ya dengu,
kikaning'inia kwenye kibano
kikitaka kupeperushwa na pumzi yangu.
Nikaacha kupumua.

Kazi yenyewe ni kuloweka, kupasha moto, kunakili,
kuiuliza karatasi swali lilelile mara bilioni:
kromosomu ya kumi na mbili na ya ishirini na moja,
zisizo na undugu wala ujirani,
je, zilikatika?
Zikaungana visivyo, kama barua mbili zilizochanika mkobani
na mtu akazitia gundi gizani?

Mashine ilinguruma hadi saa tisa usiku.
Nilikunywa kahawa ya Overgaard bila kumwomba.
Kisha mstari ukajitokeza.
Pacha A: upo.
Ulikuwapo kabla ya jino, kabla ya homa,
kabla ya mtu yeyote kumwita Ragnhild.

Nikatazama safu ya pili.
Upo.
Mshono uleule, herufi kwa herufi,
na mshono kama huo haujirudii kwa bahati.
Basi ulishonwa mara moja tu, tumboni,
katika mmoja wao, hatutajua yupi,
ukavuka kwa kondo moja walilochangia
siku zile walipogawana kila kitu bila kuulizana.

Mama yao alikuja Alhamisi, kofia ya baiskeli mkononi.
Hakuuliza habari za kromosomu.
"Ni ile rangi? Tulipaka chumba mimba ikiwa ya miezi saba.
Ni samaki? Ni zile nyaya nyuma ya shule?"
Daktari Ravnkilde akajibu hapana, hapana, hapana.
Nami, ambaye kusema si kazi yangu, nikasema:
mtoto anapoumbwa hunakiliwa mno,
na mahali fulani kalamu huteleza.
Hakuna aliyeisukuma.
Akalia kama mtu aliyetuliwa gunia
na kugundua mgongo ungali unauma.

Neno moja halitoshi kuua, hilo twalijua.
Wengi huzaliwa nalo na kuzeeka nalo
lisipate la pili la kukamilisha sentensi.
La Ragnhild lilipata. La Tyra limenyamaza.
Kila miezi mitatu Tyra hutoa tone, kidoleni siku hizi,
maana kisigino kimekomaa kwa kukimbia.

Ragnhild humeza vidonge vilivyosagwa katika jemu.
Amekataa jemu maisha yake yote yaliyobaki, asema.
Tumelipenda sana hilo neno, *yaliyobaki*,
alivyolitamka kama kitu kirefu.

Nimezirudisha kadi.
Kila moja sasa ina tundu dogo la duara.
Niliziinua taani, moja juu ya nyingine, na mwanga ukapita.
Sikuwa na maana yoyote.
Nilikuwa nahakikisha namba.