Kipindi cha Saa Tatu

Walipanda ngazi za Michenzani hadi ghorofa ya nne
na taa zao, na waya, na kijana wa kushika maiki,
kumwonyesha mama yangu kwa watu.

Makopo ya maziwa. Mabeseni yaliyopasuka.
Magazeti yenye bei ya sukari ya enzi hizo.
Ndara za kiume, za mguu wa kulia tu.
"Hizi za nini, bibi?"
"Za kushoto zitarudi."

Kijana akacheka. Mwongozaji akasema rudia,
lia kidogo, mwanga haukukaa sawa.
Jibu mama akalirudia. Kulia, hakulia.

Mimi ndiye niliyetia saini.

Leo tunatazama kwa Bi Shemsa, sebule imefurika,
bakuli za urojo zinapita juu ya vichwa.
Lori linaondoka, muziki unapanda,
sakafu inang'aa, watu wanapiga makofi.

Usiku ule hawakuuonyesha:
mama katikati ya chumba kitupu,
mikono haijui ishike nini,
ananiuliza kama anayeuliza njia,
"Sasa baba'ko akija, atajuaje kama ni hapa?"

Mkobani mwangu, toka siku ile,
mna ndara moja.
Sijamwambia.