Hesabu ya Vichupa

Kila Jumatatu navihesabu vichupa vitupu
mbele ya karani anayevaa koti ndani ya ofisi.
Kumi na vinne vilitoka, kumi na vinne virudi,
shingo zimevunjwa, matumbo makavu,
nambari zingali zasomeka.
Kikipungua kimoja, naandika barua.
Vikipungua viwili, anakuja polisi.

Hapa Naryn theluji huanguka kabla nyasi hazijaanikwa zikaisha.
Njia ya mlimani hufungwa siku tatu, siku nne,
na maumivu hayana habari kwamba njia imefungwa.

Sagynbek alikuwa fundi wa matrekta.
Alinieleza ugonjwa wake kama mtu anayeeleza injini:
"Chuma kinasaga chuma, Aynagul, huku chini ya mgongo,
na mafuta hakuna."
Akaandikiwa mafuta.
Karatasi ya waridi, sahihi tatu, mihuri miwili,
mofini ya siku tano.
Kutoka kwake hadi duka lenye ruhusa ni saa sita kwa gari,
kama gari lipo.
Niliwahi kuuliza wizarani kwa nini zisiwe siku kumi.
Wakanijibu kwa adabu, kwenye karatasi nzuri,
kwamba swali limepokewa.

Daktari Mederbek yuko peke yake mkoa mzima.
"Wananiletea ugonjwa," husema, "wenye umri wa mtoto wa shule."
Siku moja nilimkuta ameegemea friji ya chanjo.
Halii, aliniambia. Anapoza paji la uso.

Usiku mmoja wa Januari, dozi imekwisha, mlima umefungwa,
Sagynbek aliuma mkanda wake wa ngozi
wajukuu wasiamke.
Asubuhi mkewe Burulcha alinionyesha:
alama za meno, moja baada ya moja, kama mshono.
Hakusema neno.
Nami nilisoma uuguzi miaka minne
na hatukufika kwenye somo la mkanda.

Alifariki Machi, siku ya tatu ya dozi.
Vikabaki vichupa vinne, vizima, vimejaa.
Burulcha akavitia katika soksi ya sufu
akatembea kilomita tisa hadi kwangu,
maana jina lake limo daftarini
na hakutaka kudaiwa na serikali akiwa bado matangani.
Nilivipokea.
Vilikuwa na joto la kwapa lake.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alilala Nurzat,
mwalimu wa hisabati, miaka thelathini na minane,
titi la kushoto limekuwa kidonda.
Karatasi yake ilikuwa ikingoja muhuri wa pili.
Usiku ule mkono wangu uliijua njia ya mfukoni.
Nina watoto wawili na leseni moja.

Jumatatu tukaketi watatu: mimi, karani, afande.
Dawa ya marehemu ni ya marehemu.
Tukavunja kimoja, tukamimina kwenye sinki.
Karani akasoma nambari, akasema, "Kimeangamizwa."
Tukaitikia, "Kimeangamizwa."
Mara nne, kama watu waombao dua.
Kisha afande akafungua bomba
akaliacha litiririke kitambo,
kuwa na hakika.

Nilipotoka nilipitia kwa Nurzat.
"Wamesema lini?"
"Alhamisi."
Akageukia ukuta, akaanza kuhesabu.
Nilidhani anahesabu saa.
"Namba tasa," akasema. "Kadiri unavyokwenda mbali
ndivyo zinavyoachana. Unapata pa kupumua."
Sabini na tisa. Themanini na tatu.
Themanini na tisa.
Tisini na saba, akanyamaza,
vidole vyake vikabana kifundo cha mkono wangu
mahali ninapopimia mapigo ya wenzangu.

Mia na moja, akasema.