Deni la Mizani

Huyu Pei Rong aliandika silabi tano kila mshororo.
Tano tu, kama vidole vya mtu anayekula wali.
Mimi nililelewa kwa nane, nane ukwapi, nane utao,
nikasema: mzee, atanibakishia chenji.

Mwezi. Ukuta. Baridi. Mlinzi. Nyumbani.
Ndivyo alivyoacha, bila kiungo, bila "na".

*Mwezi juu ya ukuta,
mlinzi kwenye baridi.*

Kumi na sita zimekwisha, na nyumbani pamebaki nje.

Ni hivyo kila usiku hapa Ukonga,
ndege za Kipawa zinapita juu ya bati
na mimi nahesabu kwa kugonga meza.
Mwalimu Shen wa Mlimani, binti mdogo,
hunirekodia kila neno kwenye simu,
linapopanda, linaposhuka.
Kichina changu mimi ni cha relini:
shika fito, sogea kushoto, chai ipo?
Nilikiokota Mlimba nikiwabebea wapimaji vigingi.
Hakuna aliyenifundisha "nimekukumbuka".

Maisha ya Pei Rong yanaenea karatasi moja na nusu.
Alifeli mtihani wa serikali mara mbili.
Akapelekwa mpaka wa magharibi, karani wa jenerali,
kuhesabu magunia ya mtama, na maiti.
Nyumbani aliacha mke: jina halikuandikwa.
Ngomeni alimpenda mpiga zeze: jina halikuandikwa.
Alikuwa na farasi: jina limeandikwa.

Katika shairi la tisa mke anashona koti la vita.
Miaka mitatu hajamkumbatia, kipimo anakikisia,
anakata kitambaa kipana, halafu anakipunguza,
maana huko chakula haba.

Hapo nilivua miwani.

Januari ya sabini na tisa, katika jasho la Keko,
Sikujua alinifumia sweta la sufu.
Majirani wakamcheka: bibi, unamvisha nani, barafu?
Lilinifikia Kyaka, daraja limeshavunjwa,
mvua ya Kagera inaingia hadi kwenye buti.
Mkono mmoja mrefu kuliko wa pili.
Nililivaa siku kumi na moja.
Kisha nikampa Kokugonza,
aliyetuuzia kahawa za kutafuna,
aliyekicheka Kihaya changu, aliyekohoa usiku.
Amri ikaja alfajiri, tuvuke, tusonge Mtukula.
Sikumwamsha.

Niliporudi nilimwambia mke wangu: sweta liliungua.

Labda Pei Rong naye alidanganya.
Wino haukutunza hiyo, umetunza farasi.

Jana nikalimaliza la tisa, nikalisoma kwa sauti,
shabiki ya feni ikipiga kelele zake:

*Mkewe ashona koti,
hajui alivyokonda.*

Sikujua alikuwa anachagua mchele mlangoni.
"Tangu jioni unagonga meza. Unahesabu deni la nani?"
La Mchina mmoja, nikasema.
"Lile sweta, liliunguaje?"
Lote, nikasema. Moto wa kambi.

Akatupa kijiwe uani.
"Mwaka wa themanini alikuja mwanamke Keko.
Wewe ulikuwa kazini. Jua la saa nane,
naye kavaa sweta, jasho linamtiririka,
kalivaa ili atambulike.
Mkono mmoja mrefu.
Nilimpa chai. Nikamkunjia ule mkono vizuri,
nikautia uzi. Akaondoka na treni ya kati."

Sikupata neno, la reli wala la mizani.

"Sikujua ni jina nililopewa na bibi yangu," akasema.
"Wewe uliligeuza kuwa tabia yangu."

Akaingia ndani na ungo.
Nikasikia maji, sufuria, kiberiti kikigoma mara mbili.

Nyumbani: nyu, mba, ni.
Mizani tatu, mzee mzima.
Nimefuta shairi la kwanza lote,
nalianza upya na hizo tatu,
sijui mwezi nitauweka wapi.