Akidi

Jengo letu lina ghorofa tatu, na bahari mlangoni.
Huko juu kuna meza, viti vinane, ramani ya vizimba vya samoni,
na choo kimoja, chenye picha ya mwanamume aliyesimama wima.
Waliolijenga hawakuwa watu wabaya.
Walihesabu waliokuwapo, wakajenga kwa idadi hiyo.

Siku yangu ya kwanza mwenyekiti Hanus
aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili:
"Bergljót, sasa bodi imekamilika,"
kama mtu aliyerudisha kifungo kwenye koti.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu ilikuwa ngazi: vidato hamsini na viwili
hadi choo cha wanawake, kando ya chumba cha minofu.

Mapumziko, dakika kumi.

Nikirudi, kahawa imepoa na jambo limekwisha.
"Tumezungumza kidogo tu," husema Tórálvur.
Kidogo hicho kilikuwa mashine ya krona milioni nane.
Muhtasari ukasema: wajumbe wote waliafiki.
Akidi ni neno lenye adabu,
hutimia bila kukuuliza ulikuwa wapi.

Nikashuka, nikapanda. Novemba, Desemba,
jua la saa nne asubuhi, giza la saa tisa alasiri.
Chini wanawake wamevua glavu, vidole vimewaiva wekundu,
Sunnuva anajipaka mafuta,
Maricel, aliyeolewa hapa kutoka Ufilipino,
anagombana na kioo kuhusu nywele zake.
Mwanzoni walininyamazia. Nilinuka karatasi.
Kisha siku moja Maricel, maji yakimchuruzika viwikoni:
"Nyie wa juu, mnajua mashine yenu inakula nyama?"
Akanichorea kiganjani, kwa ukucha:
unene wa sarafu, upande wa tumbo,
kila samaki.

Nilipopanda sikuketi.
Sarafu, mara samaki, mara siku.
Pætur akabonyeza kikokotoo, akakibonyeza tena.
"Takwimu hizi umezipata wapi?"
"Chooni."
Kimya. Hanus akacheka,
ndipo wengine wakapata ruhusa ya kucheka.

Februari, ajenda namba sita: choo cha wanawake, ghorofa ya tatu.
Mikono saba ikapanda kwa nyuso za watoa zawadi.
Nilikuwa nimekiomba mwenyewe, kwa barua, mara mbili.
Mkono wangu ukakawia mezani,
nikiifikiria ngazi ile, na ukucha ule.
Kisha nikaunyanyua. Kibofu nacho ni mwanahisa.

Kina vigae vyeupe na taa inayojiwasha.
Hakuna mtu ndani yake wa kuniambia lolote.

Bado nashuka. Naacha kahawa ipoe.
Na juma lililopita, kwenye kidato cha thelathini hivi,
nilimkuta Pætur, kiganja ukutani,
anashuka polepole,
hajui aseme anakwenda wapi.