Kura ya Friji

Nalipwa kwa ukurasa. Nasahihisha kamusi
katika chumba cha tano, Mkwajuni, Kinondoni,
nyumba ya vyumba saba na mita moja ya umeme.
Wiki hii nimo kwenye D. Jana nimefika dola:
moja, nchi yenye mamlaka; mbili, fedha ya kigeni.
Nikacheka peke yangu. Nikaweka tiki.

Uani LUKU inalia,
na hapo kamusi nyingine hufunguliwa.
"Bi Mgeni dikteta!" Huyo Shemdoe, wa bajaji,
kwa kuwa mwenye nyumba kakataza pasi za usiku.
Somoe, sufuria mkononi, anamwita bepari.
Kokugonza ametoka zamu hospitali, macho mekundu:
"Mkomunisti yule! Kila chumba elfu saba,
mwenye friji na mwenye taa moja, sawa kwa sawa."

Asubuhi moja, mama mmoja,
dikteta, bepari, mkomunisti,
na mwenyewe yupo mlangoni anachambua mchicha.
"Mimi," akasema, "nina mkopo wa mabati."

Ningetoka na karatasi zangu. Ningewaambia:
dikteta hahangaiki na pasi, hupiga marufuku swali.
Ukimjibu mtu hadharani, kisha ukalala kwako salama,
huyo mwiteni mkali. Mwiteni mnoko. Maneno yapo.
Bepari lilikuwa jina la mchuuzi tu,
lilivuka maji pamoja na vitambaa na mizani
kabla hatujaligeuza tusi.
Na ukomunisti si kugawana bili;
ungeanza kwa kuuliza mita yenyewe ni ya nani.

Sikutoka. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jumapili tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa.
"Tupige kura," akasema Shemdoe, "hii si nchi ya kifalme."
Kura, neno lililokuwa la bahati,
la kijiti kirefu na kijiti kifupi
ndani ya ngumi ya mtu asiyetazama.
Hoja: elfu saba ibaki elfu saba.
Mikono mitano juu. Mitano yote ya wenye friji.
Kokugonza chini, na Chausiku wa chumba cha saba,
anayekaanga vitumbua kwa mkaa
na ana taa moja, ya kuwashia mtoto akikohoa.

"Na mimi nisemee wapi?" akauliza.
"Umeshindwa, dada. Ndiyo demokrasia hiyo."
Somoe akapiga makofi. Mtu akaleta karanga.

Sijasema mkono wa tano ulikuwa wa nani.
Friji langu dogo, la mtumba, mlango nimeufunga kwa mpira;
ndani mna maji na nusu ya limau.

Usiku nikarudi nyuma kurasa tatu.
Demokrasia: mfumo wa utawala
unaofuata matakwa ya walio wengi. Nukta.
Juzi niliipitisha kwa tiki, tena ya haraka.
Nikachonga penseli. Pembeni nikaandika:
na wachache, wao wanabaki na nini?
Najua jibu la mhariri: fuata nakala.
Silipwi kwa maswali.

Ipo siasa, mbele huko, kwenye S.
Wazee wa pwani walilitumia kwa maana ya upole,
kumwendea mtu taratibu, usimvunje.
Nataka kuona kama maana hiyo wameiacha
au wameifuta. Lakini S ni malipo ya Machi.

Saa sita na robo, LUKU ikalia tena.
Nikachungulia dirishani. Chausiku,
mtoto mgongoni, simu kaibana kwa meno imulike,
anabonyeza tarakimu ishirini, moja moja,
kakosea, kaanza upya.
Zamu ilikuwa yake.

Taa ya uani ikawaka.
Na nyuma yangu, kwenye kona,
friji likashtuka, likaanza kunguruma.